Jock Rutherford: takwimu zinagongana, niandike zipi?

kibendera
Wakuu, naandaa wasifu mfupi wa Jock Rutherford, winga Mwingereza wa Newcastle United na Arsenal. Nimekwama pawili. Mechi zake za Arsenal, huku 222, kule 232. Halafu kuna wanaodai alicheza ligi akiwa na miaka 41. Winga? Winga akifika 32 tu tunaanza kumwita babu.

Mzee wa Takwimu
Mkuu, namba zote mbili ziko sawa. 222 ni za ligi peke yake. Ukijumlisha na Kombe la FA zinafika 232. Za wakati wa vita usiziguse. Ligi ilisimama 1915 hadi 1919, na zilizochezwa hapo katikati hazihesabiki rasmi.

Umri piga hesabu mwenyewe: kazaliwa Oktoba 12, 1884, na mechi ya mwisho Arsenal ni ya Machi 20, 1926 dhidi ya Manchester City. Miaka 41 na siku 159, rekodi ya klabu. Ila usiandike kwamba alikaa pale mfululizo tangu 1913. Mwaka 1923 aliondoka kwenda kuwa meneja wa Stoke, hakudumu, akarudi kucheza.

chaki ya pembeni
Na usiseme alivaa namba 7. Ni mazoea yetu kumwita winga wa kulia "namba saba", lakini ligi ya Uingereza ilianza kulazimisha namba mgongoni mwaka 1939.

Kingine ni kuotea, na hapa ndipo wengi wanampima vibaya. Hadi 1925, pasi inapopigwa, aliye mbele ya mpira alitakiwa awe na wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli, kipa akiwemo. Beki mmoja akipanda hatua mbili tatu, hata mwenzake akibaki nyuma na kipa, winga kaotea. Kwa hiyo mpira mrefu wa kukimbiliwa ulikuwa kamari. Dawa ilikuwa kuupokea mguuni kwenye chaki, yaani mstari wa pembeni, kuukokota mwenyewe hadi umpite beki, ndipo upige krosi. Wenzako wakiwa nyuma ya mpira hawaotei hata abaki kipa peke yake. Mpira wa kurusha nao haukuwa salama, kwani hadi 1920 uliweza kuotea nao pia. Na fundi mkuu wa mtego huo wa beki kupanda ili winga aotee, Bill McCracken, alikuwa beki wa Newcastle hiyohiyo!

kibendera
Nimekupata. Na fainali tano za FA, kombe moja?

Mzee wa Takwimu
Ndiyo. Zote akiwa Newcastle: 1905 walifungwa na Aston Villa 2-0, 1906 Everton 1-0, 1908 Wolves 3-1, na 1911 Bradford City 1-0 kwenye marudiano. La 1910 ndilo walilobeba: 1-1 na Barnsley, bao la kusawazisha la Rutherford mwenyewe, kisha 2-0 Goodison Park, yote ya Albert Shepherd. Zingatia uwanja. Zote tano zilianzia Crystal Palace, na Newcastle hawakushinda hata moja pale.

Ubingwa wa ligi ni mitatu: 1905, 1907, 1909. Timu ya taifa mechi 11, kati ya 1904 na 1908.