Kudumu na sala baada ya Ramadhani

Swali: Asalaam alaykum ndugu zangu. Ramadhani nzima sikukosa tarawehe, lakini tangu Idi ipite, adhana ya Alasiri hunikuta dukani nikipima kitambaa huku simu ikilia, nami hujiambia nimalize na mteja huyu kwanza, mpaka Magharibi inaingia. Nifanyeje?

Jibu: Waalaykumu salaam. Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo, kwa hiyo usijaribu kuirudisha Ramadhani yote kwa siku moja, bali ishike hiyo Alasiri inayokuponyoka. Sura ya 62 ya Qurani, aya ya 9 na 10, inaamuru kuacha biashara inaponadiwa sala ya Ijumaa, kisha inaruhusu watu watawanyike kutafuta riziki. Biashara haikukatazwa, imewekewa mahali pake.

Jibu: Nami nauza vitambaa. Adhana ikianza, huacha mkasi juu ya kitambaa hata kama nimekata nusu, na wateja wengi, nashuhudia, husubiri. Anza pia zile funga sita za Shawwal, mwezi huu unaofuata Ramadhani, kabla haujaisha.

Muulizaji: Allah awalipe kheri. Leo Alasiri nimeisali kwa wakati wake.