Nilimwaga kombe la mgonjwa kwenye sinki. Nimwendee vipi mkewe?

Nesi wa Zamu:
Wadau, habari za leo. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, huku Lindi. Nimekulia Masasi, nyumba ya Kianglikana, na nalitaja hilo kwa sababu linahusika.

Juzi usiku tulimpokea mzee mvuvi, ngiri imenasa. Tukamwekea dripu na mpira wa puani, daktari akaagiza asile wala asinywe mpaka apasuliwe. Nikawa naandaa fomu ya ridhaa. Kugeuka, namwona mkewe kamwinua kichwa, anamsogezea mdomoni chupa ya maji ya manjano. Nikampokonya, nikayamwaga palepale kwenye sinki la kunawia huku namfokea.

Bibi hakunijibu. Alikwenda kwenye sinki, akapangusa kwa kidole matone yaliyobaki pembeni ya tundu, akarudi kumpaka mumewe kwenye paji la uso. Ndipo mgonjwa wa kitanda cha pili akaniambia, "Sista, lile ni kombe." Aya za Qur'ani, zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji.

Mzee kapasuliwa salama. Lakini bibi anainamisha macho kila nikipita, na mimi usingizi sipati. Mkuu wangu wa zamu anasema niachane nalo, nilitekeleza agizo. Nifanyeje?

Mwana Nachingwea:
Dada, usijitese. Mtu akilazwa kwa dawa ya usingizi tumboni mna kitu, anaweza kutapika na matapishi yakaingia mapafuni. Ulimwokoa. Ukianza kuomba radhi kwa kila ndugu wa mgonjwa, kazi haitafanyika.

Bibi wa Newala:
Mwanangu Nachingwea, umechanganya mambo mawili. Kumzuia asinywe kulikuwa lazima. Kuyamwaga hakukuwa kwenye agizo la daktari. Chupa ingefungwa, ikawekwa kwenye kabati la mgonjwa, basi. Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Wauguzi, zilizopitishwa mara ya kwanza 1953 na kurekebishwa 2021, zinatutaka tuheshimu mila na imani ya mgonjwa na familia yake.

Mimi nikipokea mgonjwa, nikishauliza dawa zinazomdhuru, nauliza pia: "Kuna jambo la dini mngependa tulijue?" Naliandika kwenye faili, wa zamu ijayo alikute. Kombe likiletwa na mgonjwa haruhusiwi kunywa, nawapa kitambaa safi wampanguse uso na mikono, mbali na kidonda na dripu. Na wewe, nesi, kuna mtu aliyemweleza bibi kwa nini mzee hakutakiwa kunywa? Nahisi hakuna. Anza hapo.

Maalim wa Mikindani:
Sista, kombe si la kunywa tu, wengine huogea, wengine hujipaka. Ila hatulimwagi palipo na uchafu, na hapo ndipo ulipomchoma. Mwendee peke yako. Kaa naye chini, usimsimamie. Usiende na mkubwa wako, ataona kashtakiwa. Hela usipeleke.

Nesi wa Zamu:
Nimetoka kwake sasa hivi. Nilikaa kwenye mkeka wake chini ya mwembe, nikamwambia, "Shikamoo bibi, nimekukosea." Nikamweleza habari ya usingizi na mapafu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo ningemuua?" Nikamshika mkono, nikamwambia hakujua, na mimi sikujua. Tukalia wote.

Mwanawe analeta chupa nyingine jioni. Nimeshamuuliza daktari: mzee anaruhusiwa kunywa kidogo kidogo tangu leo asubuhi.