Naombeni ushauri: vijana wangu kanisani wamevunjika moyo baada ya matokeo

Mwalimu_Mbweni
Tumsifu Yesu Kristo, na wa imani nyengine hamjambo. Nalea kikundi cha vijana kanisani kwetu hapa Unguja, wa miaka 13 hadi 18. Tunakutana Jumamosi jioni wakimaliza mazoezi ya kwaya. Kabla ya mtihani wa Novemba alikuja mhubiri mgeni, akapaka mafuta kalamu za wa kidato cha nne na kuwatamkia kwamba hakuna atakayeanguka. Matokeo yametoka, wawili wana ziro. Mmoja, binti wa sauti ya kwanza, hajaonekana tena. Mwenzake anakuja, ila juzi kaniuliza mbele ya wadogo: "Mwalimu, Mungu kasema uongo, au sisi ndio hatukuamini vya kutosha?" Kwaya nzima kimya, wananitazama mie. Nikamwambia tutalizungumza Jumamosi hii. Niwafundishe nini kuhusu kumtumaini Mungu, kisiwe maneno matamu tu?

baba_tatu
Wafunge siku tatu, hiyo roho ya kukata tamaa itoke. Mengine porojo.

MamaKwaya
@baba_tatu kwa heshima zote, huyo mtoto tayari anahisi imani yake ilipungua. Ukimpa mfungo ataona anadaiwa tena. Mwalimu, mjibu waziwazi: Mungu hakusema uongo, kwa sababu si yeye aliyesema. Aliyesema ni mgeni wenu. Kisha fungua Danieli 3, pale vijana watatu wanapomjibu mfalme aliyetaka waisujudie sanamu yake. Watu wanaupenda mstari wa 17, kwamba Mungu aweza kutuokoa na tanuri, wanauruka wa 18, kwamba hata asipotuokoa hatuisujudii sanamu yako. Wale vijana waliyasema hayo moto unawaka, hawajui litakuwaje.

Mzee_wa_Barza
Mama kasema. Mie naongeza Yeremia 29:11, maana nna hakika nusu ya vijana wako wameuweka kwenye simu zao: mawazo ya amani, si ya mabaya. Wasomeshe kuanzia sura ya 28. Hapo yumo nabii Hanania, anawaambia watu kwamba ndani ya miaka miwili waliopelekwa Babeli watarudi. Habari tamu, nani asiitake? Yeremia akamwambia usoni kwamba anawatumainisha watu uongo. Ndipo inakuja barua ya Yeremia kwa waliopelekwa Babeli, sura ya 29, nayo inataja miaka 70! Yaani wengi waliosomewa hawangeiona siku yenyewe. Ahadi ilikuwa ya kweli, ila haikuwa ya haraka, wala haikuwa ya mtu mmoja na cheti chake.

Na angalia wanaambiwa wafanye nini wakingojea: wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, wauombee amani mji walimo. Hapo kaa sana, mwalimu. Watoto wetu huku ni wachache darasani, wengine wamezaliwa hapahapa na bado wanaulizwa kwao wapi, basi kila tumaini lao limefungwa kwenye boti ya kwenda bara. Nyie mko Mbweni, shamba walilopewa watumwa walioachwa huru miaka ya 1870 kuanza maisha. Wengi hawakurudi tena makwao. Walilima, wakasali, wakalea watoto palepale. Watembeze vijana pale.

jirani_Fuoni
Mie Muislamu, samahani kuingia. Mmesahau yule binti asiyekuja. Nenda kwao, mwalimu, tena uende na mama mmoja wa kanisani, ukae na mamake mnywe chai. Usianze na dini. Mtoto aliyefeli mtaa mzima unajua, na khasa wasichana, akitoka tu dukani anaulizwa.

Chake_kwetu
Nakubaliana na jirani. Na mkifika mumpe habari kamili: anaweza kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, au aende vituo vya mafunzo ya amali, kuna Mwanakwerekwe na Mkokotoni, na huku Pemba Vitongoji. Kumtumaini Mungu na kujaza fomu havigombani.

baba_tatu
Sawa, ila maombi msiyaache.

MamaKwaya
Nani kayaacha? Waombe Zaburi ya 13, inayoanza kwa "hata lini". Wajue kulalamika mbele za Mungu kunaruhusiwa.

Mwalimu_Mbweni
Nashukuru sana. Jumamosi tunasoma Yeremia 28 na 29 zote mbili, na yule kijana nitampa asome yeye maneno ya Hanania. Kwa binti naenda kesho baada ya misa na mama mlezi wa kwaya. @Chake_kwetu, Mwanakwerekwe wana ushoni au ni umeme na magari tu? Yule mtoto mkono wake mzuri kwenye cherehani, sare za kwaya kashona yeye.

Chake_kwetu
Ushoni upo. Fika mwenyewe asubuhi uulize lini wanachukua wapya, usingoje simu.