Naenda Mbeya wiki nzima na begi la mgongoni tu, nipakie nini?

Mkimya wa Tabata
Wakuu habari za jioni. Mwezi wa saba naenda Mbeya kwenye sendofu ya mtoto wa shangazi halafu nakaa kama wiki. Mimi ni introvati, sina kiburi jamani ila kelele na watu wengi vinanichosha haraka, na safari inanichosha kabla sijatoka nyumbani maana napakia, natoa, narudisha, mpaka saa saba usiku. Nikifika stendi Mbezi na begi kubwa ndio balaa, huyu ananivuta dada unaenda wapi, yule ameshalidaka begi anataka hela ya kubeba. Sasa Mbeya mwezi wa saba baridi lile mnalijua. Wenzangu mnaopenda utulivu mnafanyaje?

Doti Moja
Pole mdogo wangu. Sweta na jaketi usipakie, vaa. Dar utatoka jasho kidogo ila basi likianza kupanda Kitonga utanishukuru. Ndani weka suruali moja nyepesi ya kubadilisha, blauzi tatu za rangi zinazokubaliana, gauni la sherehe basi, zingine unafua hukohuko, na jinzi acha maana ikilowa haikauki leo wala kesho. Mimi sikosi khanga doti moja, kipande kimoja taulo na kingine najifunika garini mpaka kichwani, hapo jirani hata awe muongeaji vipi anakuacha. Begi liwe la kukaa miguuni, ukifika husubiri konda afungue buti watu wanasukumana, unashuka unaondoka zako. Viatu vya sherehe vifunge kwenye kimfuko cha kitambaa, ya plastiki si ilipigwa marufuku tangu 2019.

Siti ya Dirishani
Dada kinachokuchosha ni ule usiku wa mwisho. Tandaza vitu kitandani siku mbili kabla, punguza, funga zipu, usiguse tena. Na tiketi kata kwenye simu uchague siti mwenyewe, dirishani, ile ni kilomita 800 na ushee, ukikaa upande wa njiani kila anayepita anakugonga bega. Ukiwa na tiketi tayari wapiga debe unawapita tu huna cha kujibizana nao. Hedfoni na chaja mfuko wa mbele usije ukafukua begi zima. Halafu usitangaze safari, watu watakuletea vifurushi.

Mkimya wa Tabata
Asanteni sana, ya khanga sikuwahi kuiwaza kabisa. Ila vifurushi nimechelewa, mama mdogo kashaniletea dagaa wa kumpelekea shangazi, na siwezi kumkatalia.

Doti Moja
Usimkatalie. Peleka ofisi ya basi siku moja kabla itumwe kama kifurushi, andika juu jina na namba ya shangazi, ataenda kuchukua stendi Mbeya. Mwambie tu mama mdogo mapema kwamba dagaa wanatangulia.