Mke na mtoto wote wana damu kidogo: ninunue nini, niache nini?

BodaWaManyatta (Kisumu)
Hamjambo nyote. Naomba ushauri, na wa mizaha tafadhali wasubiri kwanza wenye la kusema wamalize.

Mke wangu ana mimba ya miezi mitano. Kliniki wamempima wakasema HB yake, kile kipimo cha wingi wa damu, ni 9.1. Alikuwa na mtoto wetu mgongoni, wa mwaka mmoja na miezi miwili. Sista akamvuta mtoto kope ya chini, akatazama, akasema huyu naye apimwe. Yeye 8.3. Mama kapewa vidonge, mtoto sharubati ya madini ya chuma.

Sasa shida iko nyumbani. Choo cha mtoto kimekuwa cheusi tititi. Mama yangu, aliyekuja kutoka Siaya kutusaidia, ameona nepi akasema dawa inamchoma mtoto tumbo, iachwe, apewe juisi ya bitiruti na maziwa ya ng'ombe kwa wingi. Mke naye vidonge vinamchafua roho, nimevikuta kwenye kopo la majani chai. Halafu anakula odowa, yale mawe ya udongo. Si kidogo. Nikipita soko la Kibuye lazima nibebe, na nikisahau hapakaliki.

Jamaa wa kemisti ananisukumia chupa ya kuongeza damu, eti watumie wote wawili. Bei yake ni kazi yangu ya siku nzima. Na kwangu hatulali njaa: ugali, sukuma, maharagwe, omena, chai ya maziwa asubuhi na jioni. Mimi niko fiti, sijawahi kuambiwa sina damu. Kwa nini wao?

MamaWawili_Naks
Pole baba watoto. Choo cheusi ni dawa yenyewe, chuma ambacho mwili haukukichukua kinatoka hivyo. Wangu pia kilikuwa hivyo. Uangalie kama ni cheusi cha kunata, kinachonuka vibaya kuliko kawaida, au kina damu. Hapo rudini hospitali. La sivyo msiache dawa. Mpe kwa sindano ya plastiki isiyo na ncha, ielekeze nyuma ya shavu, halafu maji kidogo, maana ile sharubati hutia meno rangi ya kahawia.

Mswahili_Kondele
Huyo mke anakula nyumba polepole. Leo odowa, kesho ukuta.

SistaWaZamu
@Mswahili_Kondele cheka, lakini hiyo ni dalili. Hamu ya udongo, mawe au hata barafu huja mara nyingi mwili ukiishiwa na chuma. Na udongo wenyewe hunasa chuma tumboni kisifyonzwe, mbali na minyoo na madini kama risasi ambayo huwezi kuyaona kwa macho. Kwa hiyo kaka Boda, usimgombeze, na pia acha kumletea.

Umeuliza kwa nini wao na si wewe. Hili nataka ulielewe vizuri, kwa sababu wanaume wengi hudhani ni uvivu wa kula. Mimba peke yake hudai takriban gramu moja ya chuma mpaka kujifungua: damu ya mama inaongezeka karibu nusu, kondo linachukua, mtoto anaweka akiba yake. Mtoto akizaliwa akiba hiyo inamfikisha kama miezi sita, basi. Maziwa ya mama ni mazuri lakini chuma chake ni kidogo, na hapo mtoto anakua kwa kasi. Kwa vipimo vinavyotumika Marekani, mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji miligramu 11 kwa siku. Wa mwaka mmoja hadi mitatu, kama wenu, 7. Mwanamume mzima 8. Mjamzito 27. Umeona? Kale katoto kanahitaji karibu sawa na wewe unayebeba abiria kutwa, na sahani yake ni kijiko kimoja cha uji.

Na hamko peke yenu. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019: watoto wanne kati ya kumi walio chini ya miaka mitano wana upungufu wa damu, wajawazito karibu asilimia 37. Dunia nzima, si Manyatta.

Vidonge vya mama: ameze usiku akishakula kitu chepesi, kichefuchefu kitampata amelala. Vikishindikana kabisa arudi abadilishiwe, asivifiche. Na kliniki hutolewa bure, usivinunue. Mkiviweka, viwe juu na vimefungwa. Mtoto akimeza vidonge vingi vya chuma anaweza kufa, na vinafanana na peremende.

Khadi_wa_Mumias
Ahsante sista. Mimi niongeze la jikoni, maana hapo ndipo ninapowaona watu wakipoteza.

Baba Boda, chai. Chai ya majani ikinywewa pamoja na chakula inafunga chuma cha maharagwe na sukuma. Ikiwa mtoto anachovya mkate kwenye chai ya maziwa asubuhi na jioni, tayari umejua pengo liko wapi. Maziwa ya ng'ombe nayo si chakula cha kuongeza damu, chuma chake ni kidogo sana, na mtoto akijaza tumbo kwa maziwa hataki tena kula. Umri wake anaruhusiwa, lakini kama nusu lita kwa siku inatosha. Bitiruti haina ubaya, apewe, ila wekundu wake si damu. Ukitaka kitu chekundu mpe maini.

Na hapa niseme kitu ambacho wanaume wa kwetu hawatapenda. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba, paja ni la mgeni, mama na watoto wanabaki na mchuzi na shingo. Chuma cha nyama, maini, firigisi na samaki ndicho mwili huchukua kwa urahisi kuliko cha mboga. Sasa niambie, hiyo firigisi nyumbani kwako hula nani?

BodaWaManyatta
Dada Khadi umenifinya. Tuendelee.

AfyaAsili_Dukani
Kaka usihangaike, tuna unga wa mitishamba, unapandisha damu wiki moja tu, mama, mtoto, hata wazee. Njoo inbox.

MtuWaMaabara
Wiki moja? Himoglobini hupanda polepole. Kwa kawaida dawa ya chuma hutumika wiki kadhaa ndipo tuone HB imesogea vizuri, na hata ikifika sawa huendelea kama miezi mitatu ili akiba ijae. Anayekuahidi wiki moja anataka pesa.

Lakini kaka Boda, kwangu swali kubwa si uongeze nini. Ni damu inaenda wapi. Huku ziwani hatuwezi kusema "damu kidogo" tukamaliza hapo. Malaria huvunja chembe za damu. Minyoo ya safura hunyonya damu ndani ya utumbo. Halafu kuna sikoseli, ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu, ambayo upande huu wa Kenya iko nyingi. Mtoto amepimwa malaria siku hiyo? Choo? Sikoseli?

Hili si la kukutisha. Pemba, kule Zanzibar, utafiti uliotangazwa 2006 uliwapa watoto wadogo chuma na foliki asidi kwa jumla, bila kuwapima kwanza, mahali penye malaria nyingi. Ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu waliopewa chuma walilazwa na kufa zaidi. Ila katika kundi dogo lililopimwa na kutibiwa malaria kwa karibu, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika. Ndiyo maana hapa dawa ya chuma hutembea na neti na matibabu ya malaria. Sharubati ya kliniki mwendelee nayo, mkahakikishe tu hivyo vipimo vingine vimefanywa. Chupa ya kemisti juu yake, hapana. Ni chuma juu ya chuma.

Baba_wa_Butere
Naunga mkono. Wetu tuliuziwa dawa za damu chupa kwa chupa, kumbe ni sikoseli. Dalili tulizokuwa nazo ni mikono na miguu kuvimba, macho ya manjano, kulia usiku. Mtoto wa sikoseli anayeongezwa damu mara kwa mara hupata chuma cha kupita kiasi, hahitaji kingine mpaka daktari aseme. Uliza pande zote mbili za ukoo kama kuna aliyekuwa nayo.

BodaWaManyatta
Nimewasoma wote. Kwa mke kuna binamu wa namna hiyo, nilikuwa sijawaza. Kesho nawapeleka wote wawili, nataka malaria, choo na sikoseli ya mtoto. Mke amesema vidonge atameza usiku, odowa "atajaribu".

Swali moja. Mama yangu amesaga unga wa uji: wimbi, muhogo, soya, njugu, na omena ndani. Ni mzuri?

Khadi_wa_Mumias
Nia yake ni njema. Ila mchanganyiko wa vitu vingi hivyo unaiva kwa nyakati tofauti, unaharibika haraka, na nafaka na soya zina kitu kinachoshika chuma. Mwambie mama afanye kama zamani: wimbi auloweke au auchachushe, hapo kile kitu hupungua. Omena akaushe, atwange kando, auweke kwenye mboga ya mtoto. Osuga (mnavu) au kunde, nyanya, na kipande cha chungwa au pera baada ya kula, vitamini C inasaidia chuma kuingia. Ugali wenu mnasaga posho mill?

BodaWaManyatta
Ndiyo, tunanunua mahindi kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, tunasaga.

Khadi_wa_Mumias
Basi hauna chuma cha kuongezwa. Unga wa pakiti ndio sheria ililazimisha viwanda kuutia virutubisho tangu 2012. Sisemi uache kusaga, sisi wote tunasaga. Jua tu.

SistaWaZamu
Na siku ya kujifungua, mwambie mke aombe kitovu kisibanwe papo hapo. Dakika moja hadi tatu, damu ya kondo inamwingia mtoto, ni akiba ya bure. Neti ya kliniki mmepewa?

BodaWaManyatta
Iko, nitaitundika leo. Sista, na chai? Mama yangu bila chai ya saa kumi hapa hatulali.

SistaWaZamu
Anywe yeye. Mjukuu apewe maji.