Majani ya yungiyungi yanaungua na perege wamekufa: kosa ni la maji au la birika?

Mwenye Uga, Nyali

Assalaam aleikum. Mwezi uliopita fundi alinijengea birika la maua uani, lenye urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na kina cha sentimita 50, kwa mawe ya matumbawe yaliyopigwa lipu ya saruji. Lipu ilipokauka nililijaza maji ya kisima, nikaweka mayungiyungi manne ya buluu katika vyungu vya udongo uliochanganywa na samadi, na wiki iliyofuata nikatia perege kumi. Wote walikufa katika siku tatu. Majani yamekuwa ya kahawia kuanzia ukingoni, kana kwamba yamepitishwa motoni, na maji yamekuwa ya kijani hata sakafu haionekani. Juu ya hayo, mama mkwe anasema nimemfugia mbu mlangoni. Nianzie wapi?

Mkulima wa Bamburi

Waaleikum salaam. Anza kwa kuonja maji ya kisima chako. Visima vingi vya kwetu vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe karibu na bahari, na maji yake yana chumvi ambayo perege huweza kuivumilia lakini yungiyungi haliwezi. Kinachowaponza wengi ni kuongeza maji kila jioni: jua linapoyakausha, maji huondoka na chumvi hubaki, nawe unapojaziliza kwa maji ya kisima unaongeza chumvi nyingine juu ya ile ya jana, hivyo birika lililoanza na maji ya kuvumilika huharibika polepole bila mtu kutambua. Jaza maji ya mvua kutoka paani, au ya mfereji yaliyokaa wazi siku mbili ili dawa ya klorini ipungue.

Samadi nayo iondoe. Ndiyo inayolisha ule ukijani. Tumia udongo mzito wa mfinyanzi, na juu yake tandaza kokoto. Vyungu viinue kwa matofali mpaka majani yafike juu, kisha uvishushe kidogo kidogo. Majani yakifunika nusu ya maji au zaidi, ukijani hukosa mwanga.

Fundi wa Lipu

Namuunga mkono ndugu wa Bamburi kuhusu majani, ila vifo vya samaki navihesabu upande wetu mafundi. Saruji mpya hutoa chokaa, na maji huwa makali kiasi cha kuunguza matamvua ya samaki. Tia mkono ndani: ukihisi utelezi kama wa sabuni, jibu umelipata. Jaza birika, liache wiki nzima, mwaga, sugua kuta kwa brashi na siki, kisha urudie mara tatu. Fundi aliyekukabidhi birika bila kukueleza hayo hakukutendea haki.

Bi. Mkubwa wa Mji wa Kale

Mwanangu, mama mkwe wako ana haki ya kulalamika, kwa kuwa kiluwiluwi huwa mbu katika muda wa wiki moja hivi. Hata hivyo dawa yake si ngeni pwani: katika nyumba za kale za Lamu, samaki wadogo hufugwa katika birika la maji ili wale viluwiluwi. Maji yakishatengemaa, tafuta samaki wadogo waitwao gapi, maana perege akikua huchimbua vyungu. Tafadhali usidanganyike na anayekuuzia gugu maji eti linasafisha maji. Linazaana kupita kiasi, na madhara yake katika Ziwa Victoria yanajulikana.

Mwenye Uga, Nyali

Shukran sana. Nimeonja: chumvi ipo, si kali, ila inabaki ulimini. Nilipotia mkono birikani vidole viliteleza kama alivyosema fundi, kwa hiyo makosa yote mawili yalikuwepo kwa pamoja. Nimelimwaga. Yungiyungi moja lililobaki na kikonyo kibichi nimelihamishia katika beseni la maji ya mvua kivulini, na leo asubuhi limetoa jani jipya, bado limejikunja kama ulimi. Mama mkwe amelitazama, akauliza samaki watakuja lini.