Tupeane uzoefu: Ni lini ulianza kujiuliza wema unatoka wapi?

Mchuuzi wa Kirumba

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Naomba tupeane uzoefu kuhusu jambo ambalo wengi wetu hulibishania kwa hasira, na wachache husimulia walivyolipitia: wema wa mtu hutokana na dini yake, na akili yake, au na kitu kingine? Sihitaji mahubiri, wala mtu wa kunithibitishia kwamba dini ya mwenzake ni ya uongo. Kila mmoja aeleze siku ambayo swali hili lilimgusa yeye mwenyewe, ndipo aseme anavyofikiri.

Naanza na langu, ingawa si la kujivunia. Kwa muda wa miaka miwili niliuza dagaa wakavu pale soko la Mwaloni, Mwanza, kwa sado ambayo kitako chake nilikuwa nimekipasha moto na kukisukuma kiingie ndani. Ukiitazama kwa nje huoni kitu. Ukiijaza, viganja viwili vya dagaa vinabaki kwangu. Katika miaka hiyo hiyo sikukosa swala hata moja. Adhuhuri niliiacha sado hiyo juu ya gunia, nikaenda msikitini, nikarudi na kuishika tena kwa mkono ambao ulikuwa bado haujakauka maji ya udhu. Jirani yangu wa meza alikuwa mzee asiyekwenda msikitini wala kanisani, na alisema waziwazi kwamba haamini kama kuna atakayetuuliza lolote baada ya kufa. Sado yake ilikuwa nzima. Siku moja nilimuuliza anamwogopa nani. Akanijibu huku akipepeta dagaa, "Simwogopi mtu. Huyu mama akifika kwake atapima tena, na mimi nitakuwa nimelala." Nimelitafakari jibu hilo kuliko mawaidha mengi niliyoyasikia.

Kijana wa Nansio

Shikamoo mzee wangu. Swali lako limewahi kuwagawa wanazuoni wa Basra na Baghdad, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kundi moja la wanazuoni wa Kiislamu, Mutazila, walisema akili inaweza kutambua kwamba dhuluma ni mbaya hata kabla ufunuo haujamfikia mtu. Kundi la pili, Ashaira, wakasema jambo huwa jema kwa sababu Mwenyezi Mungu ameliamrisha, na lau angeamrisha kinyume chake, hicho kinyume ndicho kingekuwa chema. Huko Athens, karne nyingi kabla yao, mwanafalsafa Socrates alikuwa amekwisha kuuliza vivyo hivyo: je, miungu hulipenda jambo kwa kuwa ni jema, au huwa jema kwa kuwa limependwa?

Mimi swali halikunijia vitabuni. Mdogo wangu alifariki kwa malaria akiwa na miaka minne, kisiwani Ukerewe, usiku ambao hapakuwa na chombo cha kuvuka. Waliokuja matangani walimwambia mama kwamba Mungu amemwepusha na mabaya ambayo angeyafanya ukubwani. Mama alifarijika. Mimi, nikiwa na miaka kumi na mitatu na tayari nimekwisha kuiba na kusema uongo, nilikaa kwenye mkeka nikijiuliza: mbona mimi sikuepushwa?

Baada ya miaka mingi, katika darasa, ustadhi alitusimulia kisa kinachoelezwa kuhusu Abul Hasan al-Ash'ari, ambaye Ashaira wameitwa kwa jina lake, na mwalimu wake al-Jubbai, ambaye alikuwa Mutazila. Mwanafunzi aliuliza juu ya ndugu watatu: mmoja alikufa mtu mzima akiwa mcha Mungu, wa pili alikufa akiwa mwovu, wa tatu alikufa mtoto. Mwalimu akasema wa kwanza atapata daraja ya juu peponi, wa pili ataadhibiwa, na mtoto atasalimika bila daraja. Mwanafunzi akauliza, mtoto akisema, "Ee Mola, ungeniacha nikue ili nami nipate daraja," atajibiwa nini? Mwalimu akasema, ataambiwa, "Nilijua ungekua ungeasi, nikakutakia lililo bora." Hapo mwanafunzi akasema, "Basi yule mwovu atapiga ukelele kutoka motoni: na mimi je, mbona hukuniua nikiwa mdogo?" Inasimuliwa kwamba mwalimu alinyamaza.

Wenzangu darasani walicheka kwa kuupenda ujanja wa hoja. Mimi niliinama, kwa sababu nilikuwa nimemkuta mtu mwenye swali langu la kwenye mkeka, aliyefariki mwaka 936. Al-Ash'ari alihitimisha kwamba hatuna haki ya kumpimia Mungu wema kwa sado zetu (uniwie radhi, mzee). Nami naswali na kufunga, lakini hapo sijatulia bado. Iwapo neno "mwema" tukilisema juu ya Mungu halina maana ile tunayoijua sokoni, basi sijui ninamsifu kwa lipi.

Dada wa Igoma

Ninyi mnazungumzia amri. Mimi nazungumzia ubongo. Kaka yangu alikuwa mzee wa kanisa, mpole kiasi kwamba watoto wa mtaa mzima walimwita baba. Aligongwa akiwa amepakiwa kwenye bodaboda bila kofia ngumu, akaumia paji la uso. Alipona na akakumbuka majina yetu yote, ila ule upole haukurudi. Alianza kutukana wageni na kuchukua fedha kwenye pochi ya mkewe mbele ya macho yake, bila haya. Wapo waliokuja kukemea pepo sebuleni kwetu, na sikuwazuia, kwa kuwa nilikuwa nimeishiwa la kufanya.

Nilipoanza kusoma, nilimkuta Phineas Gage, msimamizi wa mafundi wa reli kule Vermont, Marekani. Mwaka 1848 baruti ililipuka na mtaimbo wa chuma wenye uzito wa kilo 6 hivi ukampenya shavuni na kutokea utosini. Aliishi, lakini waliomfahamu walisema si Gage tena. Jambo ambalo husimuliwa kwa nadra ni kwamba baadaye aliendesha magari ya farasi nchini Chile kwa miaka kadhaa, kazi inayotaka ratiba na uvumilivu, hivyo inaelekea alirudiwa na sehemu ya utu wake. Jambo hilo lilinipa nguvu ya kumpangia kaka kazi ndogondogo kwa saa maalumu, na hali imekuwa afadhali kidogo.

Mwaka 1643 binti mfalme Elisabeth wa Bohemia alimwandikia mwanafalsafa Descartes akitaka kujua roho isiyo na umbo inawezaje kuusukuma mwili. Mimi ningemuuliza kwa upande wa pili: lami ya barabarani iliwezaje kuisukuma roho ya kaka yangu? Nikiambiwa upole wake ulikuwa tunda la imani, nauliza imani hiyo ilikuwa imehifadhiwa wapi hata ikavunjika pamoja na mfupa. Bado naenda ibada. Ila siku hizi mtu akisifiwa kanisani kwa subira yake, natazama kwanza paji lake la uso.

Mkara wa Bwisya

Nitakuwa mfupi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati letu hapa kisiwani Ukara, kikitoka Bugolora, Ukerewe, siku ya gulio, na watu 228 wakapoteza maisha. Niliingia kwenye mtumbwi pamoja na wenzangu. Nilimvuta mama mmoja akiwa hai. Kila mwaka hunipigia simu na kuniita malaika, na kila mwaka hushindwa kumweleza kwamba nilikuwa namtafuta binamu yangu, na kwamba nilimvuta kwa sababu khanga yake ilifanana na ya mke wa binamu. Nilipomwona uso nilihuzunika. Mwanafalsafa Kant angesema tendo lisilofanywa kwa ajili ya wajibu halina thamani ya kimaadili, na Waislamu wana hadithi ya Mtume kwamba matendo huzingatiwa kwa nia. Sasa mama yule amepona kwa wema wa nani?

Mjukuu wa Magu

Mkara, huyo mama yuko hai. Nia yako muachie Mungu aifanyie hesabu.

Wengi huku husema kwamba sisi Waafrika wema wetu unatoka kwenye jamii. Bibi yangu alikuwa na macho mekundu kwa miaka zaidi ya hamsini ya kupikia kuni mbichi na vinyesi vya ng'ombe, na mnajua macho ya namna hiyo yameponza vikongwe wangapi Usukumani. Mtoto wa jirani alipofariki, minong'ono ikaanza, na tukamhamishia Nyakato usiku, akiwa amekaa kati ya magunia ya mpunga. Jirani mmoja, aliyekuwa akisali naye jumuiya moja, aliniambia kwa upole kabisa: "Mimi najua bibi si mchawi, lakini watu wote wanasema." Hakuwa mkatili. Alikuwa na dini, alikuwa na jamii, na ubongo wake ulikuwa mzima.

Kijana wa Nansio

Mzee wa Kirumba, hukutuambia sado ile iliishia wapi, wala kama wale uliowapunja uliwarudishia haki yao.

Mchuuzi wa Kirumba

Niliichoma. Wateja wengi walikuwa wa kupita, kwa hiyo nilitoa sadaka kwa niaba yao. Nilimpata mmoja tu, mama ntilie wa Sengerema ambaye alikuwa akinunua kwangu kila wiki. Nilivuka Busisi na gunia dogo la dagaa, nikamwomba radhi mbele ya wateja wake. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Alisema alijua tangu wiki ya pili, na ndiyo maana kila nilipomaliza kupima alikuwa akidai nyongeza, na wakati naangalia pembeni kumpa, alijichotea kiganja kingine mwenyewe. Gunia alilipokea.